Mkono Ndani ya Ungo

Mwanamke mmoja alikuwa na masikio yaliyosifiwa wilaya nzima. Aliitwa Nakijwa. Watu wa milimani kule walisema kwamba ukimpa Nakijwa neno moja, atakupa mengine tisa uliyoshindwa kuyatamka, na utaondoka mbele yake ukiwa mwepesi. Sifa hiyo aliisikia miaka kumi na miwili mfululizo, na kila mwaka iliongezewa kidogo. Wahenga walikwisha sema juu ya mgema akisifiwa, na tembo lake huwaje baada ya hapo.

Kazi yake ilikuwa katika nyumba iliyopokea wanawake waliopigwa na waume zao. Haikuwa hospitali, wala haikuwa baraza la usuluhishi. Ilikuwa na vyumba vitano, jiko la kuni, banda la kuku na ua uliofagiwa, na ilikuwa na desturi moja. Mwanamke akifika, siku ya kwanza haulizwi kitu. Anaoga, anakula, analala. Siku akisema yuko tayari, hutandikiwa mkeka, akapewa ungo wa maharage ya kuchambua, na msikilizaji akakaa mbele yake, goti kwa goti, ungo ukiwa katikati yao. Mwanamke huchambua huku akisema. Walioanzisha nyumba ile walikuwa wamegundua kwamba mtu akitazamwa usoni aibu humziba kinywa, lakini mikono ikiwa na shughuli na macho yakiwa yameinama, maneno hutoka yenyewe.

Kazi ya msikilizaji ilikuwa kushika ukingo wa ungo usiyumbe. Basi. Mkono wake hauingii ndani. Kilichomo ni cha mwenye ungo: yeye ndiye ajuaye lipi ni jiwe alilotiwa na mwingine na ipi ni punje yake mwenyewe, na kipi kati ya hivyo kitupwe na kipi kiwekwe. Msikilizaji aliruhusiwa swali moja tu, naye aliulize taratibu, na akubali kungoja jibu hata kama litachelewa: “Hili uliliweka wewe, au ulitiwa?” Kwa swali hilo wanawake wengi waligundua kwamba maneno waliyokuwa wakijiita, mvivu, mkorofi, tasa, mjinga, hayakuwa yao hata siku moja. Walitiwa. Wakayatoa, wakayaweka pembeni na kokoto.

Nakijwa ndiye aliyewafundisha wasikilizaji wapya. Mafunzo yalichukua wiki sita, na mwaka ule walikuja wanafunzi wanane: mke wa mchungaji, muuguzi mstaafu, karani wa kata, na wengine watano waliochaguliwa na vijiji vyao. Siku ya kwanza karani alinung'unika bila kujificha. “Wiki sita kujifunza kushika ungo! Si afadhali ningejifunza udereva.” Wote wakacheka, na Nakijwa akacheka nao. Kisha akawaambia kwamba kushika kitu bila kukichezea ni kazi ngumu kuliko udereva, na kwamba wengi hawaiwezi. Alisema kweli. Kosa lake ni kwamba alipokuwa akisema “wengi” hakujihesabu.

Wiki ya tatu akaja mwanamke aitwaye Mwantumu. Alitoka bonde la pili, kwa miguu, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikiwa vimepinda kwa sababu viliwahi kuvunjwa na hakuna aliyevifunga. Hakuja na nguo wala viatu vya kubadilisha. Alikuja na vibaba kama viwili vya maharage vilivyofungwa ndani ya kitenge. Watu walisikitika, wakampa nguo, lakini katika nyumba ile iliyojaa wasikilizaji hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mtu akimbizaye roho yake aache gauni na abebe maharage.

Siku ya nne Mwantumu akasema yuko tayari. Akaomba atumie maharage yake mwenyewe. Nakijwa akaona hii ni nafasi nzuri ya kuwaonyesha wanafunzi, akamwomba ruhusa wakae pembeni watazame, na Mwantumu akasema ndiyo. Wakakaa ukutani, daftari magotini. Mwantumu akaanza kuchambua.

Alikuwa mzito. Vidole vile vilivyopinda havikushika kokoto vizuri, likimponyoka hulirudia, na kati ya kokoto moja na jingine hakusema neno. Nusu saa ikapita. Muuguzi akapiga mwayo, akauficha kwa daftari. Karani akatazama saa. Nakijwa alisikia mwayo ule ambao haukuwa na sauti, akahisi uso wake unapata moto, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akichelewa. Sifa yake ya miaka kumi na miwili ilikuwa imeketi pale ukutani pamoja na wanafunzi, ikimngojea. Basi Nakijwa akatia mkono ndani ya ungo.

Kokoto la kwanza alilitoa kwa huruma. La pili alilitoa kwa haraka. Baada ya hapo alikuwa akiufurahia mkono wake mwenyewe, kwa maana alikuwa na vidole vyepesi, na ungo ulianza kung'aa. Na kama mkono ulivyoingia, ulimi nao ukafuata. Akamwuliza Mwantumu kama mume alianza kumpiga baada ya mtoto wa kwanza, na kabla hajajibiwa akaeleza kwamba mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Mwantumu akasema, “Ndiyo, mwalimu.” Akamwambia kwamba bila shaka aliona haya kuwaambia wazazi wake. “Ndiyo, mwalimu.” Akamwambia kwamba alivumilia kwa sababu alijiona hana thamani, na kwamba siku ya kukimbia ilikuwa mara yake ya kwanza kujitetea. Hapo Mwantumu alikawia kidogo. Kisha akasema, “Ndiyo, mwalimu.” Wanafunzi waliandika upesi upesi.

Ndani ya maharage yale mekundu palikuwa na punje nyeusi, ndogo, zilizojikunja, thelathini au zaidi kidogo. Nakijwa akaziona ni fiwi, jamii ya maharage, zilizokosa maji zikadumaa, ambazo hata kwenye chungu hazilainiki. Akazizoa kwa viganja, akazitupa kwenye kikapu cha makapi. Mwantumu aliuinua kidogo mkono wake mzima, kisha akaurudisha pajani. Nakijwa aliuona mkono ule. Tusimfichie hapo: aliuona, akaendelea.

Kazi ilipokwisha ungo ulikuwa safi, na wanafunzi wakapiga makofi. Mke wa mchungaji alifuta machozi. Karani, aliyetaka aonekane ana faida, alikwisha beba kikapu cha makapi na kuwamwagia kuku. Mwantumu alikuwa bado ameketi. Akapitisha kiganja juu ya maharage, akayageuza, akayageuza tena, akauliza kwa sauti ya chini, “Na zile nyeusi?”

Uani kuku walikuwa wakidonoa. Nakijwa akaelewa, ila si yote. Alielewa tu kwamba ametupa kitu cha mtu mbele ya watu wanane aliokuwa akiwafundisha wasitupe. Angeweza kusema pale pale, “Nimezitupa, nimekosa.” Ni maneno mawili tu. Akasema, “Zipo, mdogo wangu. Nimezitenga. Nitakuletea.”

Kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Nakijwa akashuka mapema, akapita kwa wauza nafaka mmoja baada ya mwingine hadi akapata fiwi nyeusi. Zilikuwa nene na zenye kung'aa, mbegu za watu wenye maji shambani. Akachagua zilizo ndogo, kidogo kidogo, kwa vidole vile vile vilivyosifiwa. Aliporudi alizisugua kwa majivu ya jikoni ili zifubae, akazitazama, akazisugua tena. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwalimu, mzee wa kanisa, amechuchumaa jikoni anazipaka fiwi majivu. Laiti mtu angeingia wakati ule, Nakijwa angekufa. Hakuingia mtu, ndiyo maana akaendelea.

Akamkabidhi Mwantumu mbele ya wanafunzi wote. Mwantumu akazipokea kwa mikono miwili kama ipasavyo, akaziangalia kwa muda, akasema, “Ahsante, mwalimu.” Akazitia kwenye kopo. Mke wa mchungaji akataka waombe, wakaomba, na katika sala ile alimshukuru Mungu kwa ajili ya wasikilizaji waaminifu. Nakijwa aliitikia amina pamoja na wengine.

Jumamosi akawa anafua. Khanga aliyojifunga kiunoni siku ile ya ungo ilikuwa imeviringwa pindo, na alipoikung'uta kabla ya kuiloweka zikaanguka punje nne. Nyeusi, ndogo, zilizojikunja. Zilirukia humo alipokuwa akizizoa. Nakijwa akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na hakufua tena siku hiyo.

Mtu angedhani atashangilia. Lakini tazama alivyokuwa amejifunga mwenyewe: kuzirudisha hizi nne ni kukiri kwamba zile za kwenye kopo ni za uongo, na kukiri uongo ni kukiri kutupa, na kukiri kutupa ni kukiri mkono. Akazitia ndani ya kiberiti kitupu, akakiweka kabatini nyuma ya vitabu vya mafunzo. Akajiambia atazirudisha Jumatatu. Jumatatu akasema Jumatano. Na siku zote hizo aliendelea kufundisha. Alisimama mbele ya watu wanane akasema, “Msitie mkono,” nao wakaandika, na kila walipoandika masikio yake yaliyosifiwa yalipata moto. Aliona aibu kula mbele ya Mwantumu. Aliona aibu hata kusalimiwa naye, kwa kuwa Mwantumu alimsalimu vizuri mno.

Wiki tatu zikapita hivyo. Mvua ya kwanza ikanyesha asubuhi, na wanawake wa nyumba ile wakatoka na majembe kwenda kipande cha nyuma kupanda. Nakijwa, aliyekwisha hisi kwamba zile nyeusi zilikuwa mbegu, akasimama dirishani amwone Mwantumu akizipanda. Hakumwona. Mwantumu alikuwa jikoni, zamu ya kupika ilikuwa yake.

Mchana wakaketi kula. Sahani ya Nakijwa ilikuwa na makande ya mahindi na maharage, na alipokoroga kwa kijiko akaona fiwi nyeusi, nene, zilizoiva vizuri. Akatazama sahani ya jirani, nazo zilikuwemo. Watu walikula, wakasifu. Nakijwa akashika kijiko hewani. Hakuna mtu apikaye, siku ya kupanda, mbegu aliyoibeba badala ya gauni. Mwantumu alijua. Na kama alijua leo, basi alijua tangu siku ile alipozipokea kwa mikono miwili na kusema ahsante, akainamisha kichwa wakaomba.

Nakijwa akala makande yale hadi akayamaliza, kwa kuwa hakustahili kuyaacha. Kisha akaenda kabatini.

Msimsifu kwa hili. Alikwenda akiwa amekwisha gunduliwa, na mtu aliyegunduliwa hana ujasiri mkubwa wa kujivunia. Lakini alikwenda. Aliwakuta wanafunzi darasani, akamwomba Mwantumu aje ikiwa atapenda, na Mwantumu akaja, mikono bado ina maji ya kuoshea vyombo. Nakijwa akasema yote kwa kusimama: mkono, kikapu, kuku, gulio, majivu, kiberiti. Alipofika kwenye majivu alikwama, na hakuna aliyemsaidia kuimalizia sentensi. Akapiga magoti, akakifungua kiberiti mbele ya Mwantumu. Punje tatu zilikuwa nzima. Ya nne ilikuwa imebunguliwa, na unga wake mweupe ulikuwa chini ya kiberiti. Wiki ya kwanza punje hiyo ilikuwa nzima. Wadudu waliila wakati Nakijwa akiogopa.

Mwantumu alitazama ndani ya kiberiti. Kisha akasema bila hasira, kama mtu aelezaye njia:

“Nilijua, mwalimu. Hata mume wangu nilikuwa namwitikia ndiyo.”

Neno lile liliingia kwa Nakijwa na likakaa. Miaka kumi na miwili alikuwa akisikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, akazipokea zote kama shukrani, na sasa hakujua ngapi kati ya hizo zilikuwa za watu waliomwogopa. Hilo hakuna atakayemwambia kamwe. Wenye ungo walikwisha kwenda zao.

Mwantumu akatoka. Walidhani ameondoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Akarudi na ungo, na ndani yake ni yale maharage yake mekundu, ambayo Nakijwa aliyachambua yakang'aa. Alikuwa ameyarudishia kokoto za uani, viganja viwili vizima. Akaketi. Akangoja. Nakijwa akaelewa, akaketi mbele yake, goti kwa goti, akashika ukingo.

Mwantumu akachambua upya, kwa vidole vile vile vizito. Kokoto likimponyoka alilirudia. Muda ukapita, na mikono ya Nakijwa haikutoka ukingoni. Alipopata neno, Mwantumu akasema juu ya mama yake, aliyempa kiganja cha fiwi siku ya kuolewa. Akasema mume hakutaka kitu cha kwao kiingie nyumbani, akazitupa, naye akaokota sita. Akazipanda nyuma ya choo na kuzinywesha maji ya kuoshea vyombo, ndiyo maana zilidumaa. Mume akiuliza kinachotambaa pale ni nini, alimjibu, “Magugu tu.” Kila msimu alivuna kiganja, kila msimu akaficha, kila msimu akapanda tena. Miaka tisa. Vidole vilivunjwa mwaka wa tano, na mwaka huo alipanda kwa mkono mmoja. Siku ya kukimbia alizichanganya na maharage ili akisimamishwa njiani zisionekane. Aliposema “magugu tu” kwa mara ya pili alicheka kidogo, kicheko kifupi ambacho nyumba ile haikuwahi kukisikia kwake.

Karani alirudisha kurasa za daftari lake. Siku ile ya kwanza alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri: mwanamke amekubali yote, hajawahi kujitetea. Akalitazama neno hilo, akalifunga daftari, akaona haya yeye pia, kwa kuwa ndiye aliyewamwagia kuku.

Nakijwa aliuliza lile swali moja mara moja tu, karibu na mwisho, na sauti yake haikuwa ya mwalimu. Punje moja nyeusi ilikuwa mkononi mwa Mwantumu. “Hili uliliweka wewe, au ulitiwa?” Mwantumu akafikiri. “Niliweka mimi,” akasema.

Kulipokaribia saa kumi na mbili ungo ulikuwa umekwisha, na haukuwa safi sana. Kokoto chache zilibaki, kwa maana mwenyewe aliona zibaki. Mwantumu akazichukua zile fiwi tatu nzima, akazifunga kwenye pindo la khanga yake. Ile ya nne, iliyobunguliwa, akaisukuma kwa kidole kilichopinda hadi mbele ya Nakijwa, akaiacha pale. Wiki iliyofuata akaenda kwa dada yake, mbali na bonde lile.

Nakijwa anayo hadi leo. Aliomba asifundishe tena, wakamkatalia. Tangu hapo kila kundi jipya huanza kwa kupitishiwa ile punje yenye tundu, mkono kwa mkono, naye huwasimulia habari yake yote mpaka kwenye majivu, na uso wake huwa na moto kila mara, kana kwamba ilikuwa jana. Wanafunzi huuliza kama zile tatu ziliota. Huwajibu kwamba hilo aulizwe mwenye mbegu.

Nanyi mliokuja kujifunza kusikiliza, mkiwa mmekaa mbele ya ungo wa mwenzenu, mkono wenu hivi sasa uko wapi?